Kikonyo cha Mchungwa

Mama mkwe wangu hakukataa kuhama. Wanaosema alikataa hawakuwepo. Mimi nilikuwepo, nimesimama na ndoo kichwani, na nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia Nathanieli, balozi wetu wa nyumba kumi, huku anapepeta ulezi wake bila kuinua macho: "Mimi nitahama. Siku Magige akihama, na mimi nahama."

Magige alikuwa mwanawe wa pekee. Alikuwa pia mume wangu, na alikuwa na miaka mitano kaburini.

Nathanieli akageuka kuniangalia mimi. Ndivyo ilivyokuwa siku zote: mtu akishindwa na mama Wankyo ananigeukia mimi, utadhani mimi ndiye niliyemzaa.

"Mama," akasema taratibu, "kaburi haihamagi."

"Nani ametaja kaburi? Kaburi ni shimo. Mimi nimesema Magige." Akanyoosha ungo kuelekea mchungwa uliokuwa ubavuni mwa nyumba. "Huyo hapo. Mpakieni kwenye lori yenu."

Mchungwa ule Magige aliuleta kutoka Ukerewe mwaka wa Uhuru, ukiwa mche mfupi tu. Alivuka nao ziwa kwenye kivuko cha Kisorya akiwa ameukumbatia, akaupandisha mpaka kwetu mlimani, kati ya Bunda na Butiama, mahali ambapo watu walijua mtama, ulezi, pamba na ng'ombe, basi. Alikuwa anajiandaa kunioa. Watu walimcheka wakasema vijana wenzake wanatafuta ng'ombe wa mahari, yeye analeta mti. Mti ulipozaa, wale waliocheka ndio waliokuja na vikapu.

Homa ilipomchukua, mama alianza kuusalimia ule mti kila asubuhi. "Umeamukaje, Magige?" Mwanzoni nilikuwa naona aibu, hasa wakipita watu. Baadaye nikazoea. Siku moja nikajikuta na mimi nimeusalimia, na sikumwambia mtu.

Sasa ulikuwa mwaka wa sabini na nne, mwaka wa Operesheni Vijiji. Tulitakiwa wote tushuke mlimani, tukakae kwenye kijiji kipya kando ya barabara ya Bunda, kwenye viwanja vilivyopimwa kwa kamba. Binti zangu wawili, Robi na Dorkas, walikuwa wameshatangulia huko kwa ajili ya shule, wanalala kwa Boniphace, binamu yake Magige. Mlima wetu ungekuwa shamba la pamba la kijiji, na trekta lilikuwa limeshaanza kung'oa visiki bondeni. Likitufikia, lisingeuliza huu ni mchungwa wa nani.

Lori lilikuwa linahamisha watu mtaa kwa mtaa. Zamu yetu ingefika, siku yenyewe hata Nathanieli hakuijua. Ng'ambo ya mto kulikuwa na habari kwamba waliokaidi walikuta mapaa yao yameezuliwa na mgambo. Nasema wazi: niliogopa. Nilikuwa nikisikia ng'ombe anakohoa nadhani ni lori.

Mtaniuliza kwa nini sikumwacha mama Wankyo, nikawafuata wanangu. Magige alipokufa, baba zake wadogo walikuja kugawana ng'ombe, na katika mgawo huo nilikuwemo na mimi. Mama Wankyo alisimama mlangoni na mchi wa kinu. Hakusema maneno mengi. Alisema, "Wa kwanza kuingia ataniambia kama huu mchi ni mzito." Hakuingia mtu. Sasa mwanamke kama huyo unamwacha vipi peke yake mlimani na mgambo?

Lakini kumpenda mtu hakuzuii kumkasirikia. Nathanieli alipoondoka nilitua ndoo kwa kishindo mpaka maji yakaruka.

"Mama, mti hauhami!"

"Basi na mimi ni mti," akasema, akaendelea kupepeta.

*

Nilikuwa na mteja wangu wa samli Musoma, mtaa wa Iringo, akiitwa Bi Kudura. Alikuwa mpika maandazi, mnene, mwenye sauti ya kuita meli. Nilipompelekea samli safari ile aliniona nimekonda, akaniuliza nina nini. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, kisha nikajikuta nimekaa na ninalia, na yeye anageuza maandazi.

"Unalia nini na wewe?" akasema. "Mti unahama. Unahama kwa jicho lake tu. Hebu njoo."

Akanipeleka uani. Kulikuwa na michungwa mifupi, haijanifika hata begani, imejaa matunda. Nilidhani ameyafunga kwa uzi ili anitanie. Bi Kudura akaniambia baba yake alikuwa mtu wa Muheza, na huko mtoto anajifunza kubebesha michungwa kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Unachukua mche wa mlimao, kwa sababu mlimao ni mgumu, hauogopi ukame wala maradhi. Unaupa jicho la mchungwa unaoutaka, kile kichipukizi kidogo kinachokaa kwenye kwapa la jani. Jicho likishika, unakata kichwa cha mlimao, na mti unaoota juu ni ule ule wa zamani. "Si mwanawe," akasema. "Ni yule yule. Tunda lile lile, utamu ule ule."

"Yule yule?"

"Yule yule, mwanangu. Kaongezewa miguu tu."

Nilimwomba anifundishe hapo hapo. Alinipa wembe mpya na mche wa kuharibu, na niliuharibu kweli. Kwenye gome la mlimao unapitisha mkato mmoja wa kulala na mmoja wa kushuka kutoka katikati yake, halafu unafungua pande zote mbili kwa ncha, kama kola ya shati. Kisha unakwangua jicho kutoka kwenye kijiti cha mchungwa, pamoja na kipande chembamba cha gome lake. Jani unalikata lakini kikonyo chake unakibakiza, ndicho mkono wa kulishikia. Unalitelezesha jicho ndani ya kola, unafunga kwa utepe wa mpira wa baiskeli juu na chini, jicho lenyewe unaliacha lichungulie. Mimi mara ya kwanza nilikata mpaka kwenye mti. Mara ya pili nikashika jicho kwa vidole, Bi Kudura akanipiga kofi mkononi.

"Vidole vina jasho na mafuta! Mafuta ni adui. Yakiingia humo, jicho haligusani na mwenzake, linakufa. Tena wewe muuza samli, nawa kwanza kwa majivu na maji."

Nilipofanya moja aliloliridhia, akainama akanionyesha kile kikonyo.

"Hiki ndicho kitakachokuambia. Usifungue, usichokonoe. Kaa wiki mbili, tatu, unamwagilia. Kikigeuka manjano, ukakigusa kidogo tu kikadondoka chenyewe, jicho limeshika. Kikikauka kikang'ang'ania, limekufa."

"Yaani kikidondoka ni mzima, kikibaki ni maiti?"

"Ndivyo."

"Mambo ya pwani yote kinyumenyume," nikasema, na Bi Kudura akacheka mpaka andazi likaungua. Akanionyesha kwenye mche mwingine mahali kikonyo kilipodondoka chenyewe: palikuwa pakavu, pamefunga vizuri, pasafi.

Alinipa miche mitatu ya milimao ndani ya makopo, mikubwa ya kutosha. Akaniambia vijiti vya mchungwa vikikaa siku mbili kwenye joto hili vinakuwa kuni, kwa hiyo nisikate mpaka niwe tayari. Nilirudi na makopo yangu kwenye basi mpaka Bunda, nimeyabana kati ya magoti, na kila basi liliporuka na mimi nilikuwa naruka nayo mikononi.

*

Mama Wankyo aliniangalia nikikata vijiti kwenye mchungwa. Wembe ulipopita, alishika tumbo.

"Umemkata mkono."

"Ni kijiti, mama. Ndiyo anahama hivyo."

"Nani kakwambia?"

"Mama mmoja wa mjini, mpika maandazi."

"Mh," akasema. Kwa mama Wankyo "mh" lilikuwa neno refu.

Nilipachika macho matatu, moja kila mche. Niliweka makopo nyuma ya nyumba penye kivuli. Kiangazi kilikuwa kimekaza, kijito chetu kimebaki vidimbwi, nikawa nashuka mara mbili kwa siku kuteka maji kwa kibuyu. Jumapili nilikwenda kijijini kuona wanangu. Dorkas aliniuliza, "Mama, wewe na bibi hamtutaki?" Mke wa Boniphace alikuwa amewapa chakula kizuri na mkeka mzuri, na bado nilimchukia kwa sababu alikuwa anawasuka nywele na mimi siko. Niliwaambia tunakuja. Nilisema hivyo na huku najua sijui.

Kuna siku nilikuta sisimizi. Walikuwa wamejipanga kutoka ardhini, wanapanda kopo, wanapanda mche, wanaingia kwenye jicho. Miche yote mitatu. Vikonyo vilikuwa vimekuwa vyeusi, vimekauka, vimekamata kama kucha. Niliinama kunusa, na harufu niliijua tangu nilipojua harufu yoyote duniani.

"Mama!" nikapiga kelele. "Nani amepaka samli hapa?"

Alitoka polepole, anafuta mikono.

"Ni mimi. Nimewapaka kidogo tu, kila asubuhi. Kidonda kibichi hakiachwagi kikavu."

"Nilikwambia usiguse!"

"Uliniambia nisichokonoe. Sikuchokonoa. Nilipaka." Alikuwa anashangaa kweli. "Watoto wote wa mlima huu nimewakata vitovu mimi. Kitovu kisipopakwa samli kinaoza. Hata Robi nilimpaka. Hata Dorkas. Hata Magige mwenyewe nilimpaka. Leo samli imekuwa sumu?"

Hapo nikapandwa na hasira ambayo ilikuwa inanisubiri tangu kiangazi kianze. Nilimwambia watoto wangu wanalala kwa watu kwa ajili yake. Nilimwambia lori litakuja na mgambo watatuezulia nyumba, na yeye atakuwa amekaa hapo anapaka samli. Nilimwambia ameua kila kitu. Nikang'oa utepe wa mche wa kwanza nikamwonyesha jicho lilivyo jeusi.

Mama Wankyo alilitazama lile jicho. Kisha akaificha mikono yake ndani ya kanga kama mtoto aliyeiba.

"Kwa hiyo Magige amekufa tena, na nimemuua mimi," akasema.

Hasira iliniisha yote papo hapo, nikabaki na aibu. Nikamwambia hapana, mama. Nikamwambia mti mkubwa bado upo, macho anayo mengi, na milimao haijafa, nitapachika upande wa pili. Alikuwa hanisikii. Jioni ile hakula. Asubuhi yake, kwa mara ya kwanza tangu Magige afe, hakusalimia mchungwa.

*

Nilijaribu tena. Kwenye mche wa kwanza gome lilikataa kufunguka. Lilikuwa limeshikamana na mti kwa ukavu, likachanika vipande vipande. Wa pili vivyo hivyo. Nikaacha wembe kabla sijaharibu wa tatu. Nilikumbuka Bi Kudura amesema mti wenye maji unafunguka wenyewe, kwa hiyo nikaushindilia ule mche maji asubuhi, mchana na jioni, na kuufunika kwa nyasi. Siku hizo nilikuwa nanawa uso kwa maji ya kuoshea vyombo ili yale mazuri yaende kwenye kopo.

Siku gome lilipolegea nilimwita mama. Nilimwambia, "Njoo unishikie." Alisita. Kisha akaenda kunawa kwa majivu, akanawa tena, akaja ameinua mikono juu kama anavyofanya akiitwa kwa mzazi. Alishika mche. Ukakaa imara, haukutikisika hata kidogo. Jicho liliteleza ndani kama limeitwa nyumbani, nikafunga utepe, tukapumua wote wawili.

Safari hii nilimweleza kila kitu, na habari ya kikonyo nilimrudia mara mbili: kikidondoka chenyewe jicho limeshika, kikikauka kikabaki limekufa.

Akainama kukitazama kile kikonyo.

"Kumbe ni kitovu," akasema.

"Nini?"

"Si ndiyo hivyo hivyo? Kitovu cha mtoto kikidondoka chenyewe, amekuwa mtu. Kabla ya hapo hatumtoagi nje, hata nyumba iwake moto. Kikishadondoka, ndiyo mama anambeba, wanatoka." Uso wake ulikuwa umerudi. "Ungeniambia hivyo tangu mwanzo, nisingepaka kitu."

"Lakini kitovu unakipaka, mama!"

"Nakipakaga, lakini sikivuti." Akakaa chini kando ya kopo. "Basi. Kikidondoka, tunatoka. Kamwambie Nathanieli."

Nilifurahi, kisha nikaogopa kuliko mwanzo. Kabla ya hapo tulikuwa tunasubiri mti usiohama. Sasa tulikuwa tunasubiri kijikonyo kisichozidi ncha ya kidole changu kidogo, na lori nalo linatusogelea.

Nathanieli nilipomweleza alivua kofia.

"Mke wa Magige, niende kwa katibu kata nimwambie nini? Kwamba kuna kaya moja inasubiri kitovu?"

"Mwambie hivyo."

"Cha mtoto gani?"

"Cha mchungwa."

Alikaa juu ya jiwe. Nathanieli hakuwa mtu mbaya. Yeye mwenyewe alikuwa ameshabomoa nyumba yake, ili asiambiwe anahamisha wenzake na yeye amebaki, na alikuwa analala kwenye zizi lake tupu. Mwisho akasema, "Nitawapeleka wa juu kwanza. Nyinyi nitawaweka mwisho. Zaidi ya hapo sina."

Mlima ukaanza kuisha. Leo hawa wameondoka, kesho wale. Jioni nilizoea kuhesabu majirani kwa moshi wa majiko yao, na moshi ukawa unapungua. Mbwa walioachwa walikuja kukaa uani kwetu, wanatutazama tukila. Kutoka bondeni trekta lilinguruma mchana kutwa. Mama alikuwa amehamishia kigoda chake nyuma ya nyumba, anakaa na kopo kama anayekaa na mzazi, na hakuniruhusu kusogeza mkono.

"Ukikigusa mapema umekitoa, hakijadondoka," alikuwa akisema. "Mimi najua."

Nilikuwa nakitazama asubuhi, nikitoka mtoni, nikienda kukata kuni. Kijani. Bado kijani. Siku nyingine nilidhani nimeona umanjano, kumbe ni jua. Nasema ukweli, ukucha wangu ulikuwa unaniwasha. Nilijua ningeweza kukikwanyua tu asubuhi moja kabla mama hajaamka, nikasema kimedondoka, na tungekuwa njiani kabla ya chai. Lakini ningemdanganyaje mkunga juu ya kitovu?

*

Lori lilikuja asubuhi, na Nathanieli alikuja mbele yake akikimbia.

"Ni leo," akasema kutoka mbali. "Leo leo. Wana mgambo. Kwa mzee Ryoba huko juu wameshaezua, alijifungia ndani. Mke wa Magige, nakuomba."

Nilikimbilia nyuma ya nyumba. Mama alikuwa kwenye kigoda. Nikapiga magoti mbele ya kopo. Kikonyo kilikuwa kijani, na kwenye ukingo, kwa chini, palikuwa na umanjano mwembamba. Nikakipulizia. Kikatikisika, kikabaki.

"Bado," mama akasema.

"Mama, wamefika."

"Nimesikia. Bado."

Nikarudi mbele. Mgambo walikuwa vijana, wamechoka, wana vumbi mpaka kwenye kope. Kiongozi wao alinisalimia kwa adabu, akaniambia tupakie vyombo, lori lina safari nyingine. Nikamwambia vyombo vipo tayari, pakieni. Wakapakia magunia ya mtama, vyungu, vitanda, kuku kwenye tenga. Nilijichelewesha kwa kila kitu. Nilifungua gunia nikalifunga tena. Vyombo vikaisha.

"Na bibi?" kiongozi akauliza.

"Bibi bado kidogo."

"Bado nini?"

Nathanieli akatazama chini. Mimi nikasema, "Bado hajawa tayari. Na mimi sitoki bila yeye."

"Mama, tuna amri. Nyumba isiyotoka watu tunaezua."

"Ezueni."

Akaniangalia kuona kama natania. Nikaenda kukaa kizingitini, nikashika miimo ya mlango kwa mikono miwili. Sikuwa shujaa. Nikasema mkiezua mtaezua na mimi nimo. Nikawafikiria Robi na Dorkas, kwamba wataambiwa habari hii na mtu mwingine, na machozi yakanitoka, lakini mikono sikuiachia. Mmoja wao alipanda juu na panga. Nikasikia kamba za paa zikikatwa juu ya kichwa changu, na nyasi kavu zikaanza kunimwagikia kwenye nywele.

"Kelele za nini hizo?"

Mama Wankyo alikuwa amesimama pembeni mwa nyumba. Amejifunga kanga mbili, ile ya juu ameitumia kubebea kopo kiunoni, mche umetokeza kwapani mwake. Aliinua macho kwa yule kijana wa juu.

"Wewe, shuka. Hujaona kuna mtoto mchanga hapa?" Kisha akanifungulia kiganja. Katikati ya kiganja kilikuwepo kile kikonyo. "Kimedondoka," akasema. "Inuka, mwanangu. Tunatoka."

Yule kijana akashuka. Mama akaenda kwenye mchungwa, akaweka kiganja kwenye shina, akasema, "Umeamukaje, Magige. Twende," kama mtu anayemhimiza mwenzake sokoni. Akapanda lori bila kushikwa mkono, na Nathanieli akampa kigoda chake. Nilipanda nikakaa ubavuni mwake, nacheka na kulia, nyasi za paa bado ziko kichwani. Limeshika, nilikuwa najiambia. Limeshika, limeshika, jamani.

Tulikuwa tumeshapita zizi la Nathanieli ndipo nilipoinama kulitazama jicho.

Pale kikonyo kilipokuwa, palikuwa na maji. Gome lilikuwa limechanika kidogo kwenda chini, kijani kibichi, na uzi mwembamba ulikuwa unaning'inia. Hapakuwa pakavu, wala hapakufunga. Nilitazama mkono wake uliokumbatia kopo. Ukucha wa dole gumba ulikuwa na rangi ya kijani.

Mkunga wa mlima mzima. Aliyekuwa ananikataza hata kusogeza kidole.

Niliinua uso, nikakuta ananitazama. Alijua nimeona. Aligeuka akaangalia barabara iliyo mbele, ya kwenda kijijini, ambako walikuwa wajukuu zake.

"Kimedondoka," akasema.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Nimekiona."

Lori likaanza kukimbia kwenye tambarare, upepo ukazidi. Jicho lilikuwa halijasema kama ni zima au limekufa, na lisingesema leo. Mama akavuta kanga akalikinga upande wake, na mimi nikasogea nikalikinga upande wangu.